Nyumba Niliyoinyamazisha

Jumatatu, 4 Machi

Niwie radhi, shajara. Tangu Januari sijakufungua. Nilikuwa ninajipanga kufanya kazi, na kazi yenyewe haikufanyika.

Muswada uko mezani: kitabu cha kusoma cha darasa la tatu. Mhariri amenipa nikisahihishe. Nimekwisha kustaafu, sitapewa kazi nyingine baada ya hii. Ninasoma ukurasa, nikifika chini sikumbuki juu palisemwa nini. Ninainuka kumwagilia maua. Ninarudi. Simu! Nikija kushtuka, ninamtazama kwenye video mtu nisiyemjua akipaka rangi nyumba yake.

Mimi! Niliyekuwa nikiwanyang'anya watoto gololi darasani!

Jumanne, 5 Machi

Simu nimempa jirani, yule nesi, akae nayo hadi jioni. Meza nimeielekeza ukutani. Bawaba za mlango nimezipaka mafuta. Saa nimeitoa betri.

Wajukuu hawapo. Mwezi uliopita niliwaomba mwanangu na mkewe waende nao kwa wakwe zake kwa muda, nipate utulivu. Wametii. Sasa nyumba imetulia hadi ninalisikia friji likipumua.

Kurasa mbili. Kutwa nzima!

Jumatano, 6 Machi

Mhariri amekuja. Nilimfundisha mwenyewe, kwa hiyo hawezi kunigombeza, anazunguka tu. Shikamoo Mwalimu, habari za afya Mwalimu. Kisha akatoa kurasa chache nilizompelekea wiki iliyopita. Makosa nimeyaacha yamejaa — makosa ambayo mtoto wa darasa la tano angeyaona.

"Labda tumekuchosha, Mwalimu."

Si aseme moja kwa moja! Amenipa hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo atampa mtu mwingine.

Alipoondoka nilikaa jikoni nikalia. Mama yangu alianza hivi hivi. Kwanza alisahau sufuria motoni. Kisha akasahau majina yetu.

Alhamisi, 7 Machi

Nilikwenda kwa fundi cherehani kuchukua gauni. Halijaisha. Nikakaa kwenye benchi kusubiri. Mashine nne zinakimbia, redio inapiga kelele, na mteja mmoja amevaa suruali isiyofunga.

"Hii umenishonea mimi au mdogo wangu?"

"Kaka, kitambaa hakijapungua. Wewe ndiye uliyeongezeka!"

Muswada ulikuwa mkobani. Sijui niliutoa saa ngapi. Fundi ndiye aliyenigutusha: "Mwalimu, gauni limekwisha zamani. Au umehamia?"

Kurasa tisa! Nimezikagua tena jioni. Safi.

Kumbe si kichwa. Ni kimya! Miaka yote nilisahihisha madaftari mbele ya darasa lililojaa, jicho kwenye kalamu, sikio kwa watoto. Wakipiga kelele, niliendelea. Wakinyamaza ghafla, niliinua kichwa — kuna jambo linapikwa. Ndivyo nilivyojizoeza. Nami nikaenda kuinyamazisha nyumba nzima! Ndiyo maana ninainua kichwa kutwa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempigia mkwe wangu simu. Nikasema, warudisheni watoto.

Akasema wamepata nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba anataka jibu kesho. Akauliza kama kazi imekwisha. Nikamweleza ukweli: haijaisha, ila nimegundua kuwa ninaifanya vizuri penye kelele.

"Kwa hiyo unawaita waje wakupigie kelele?"

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Samahani, Mama. Watoto si redio. Huyu wa kati ananyata hata huku kwa bibi yake. Juzi ameangusha kijiko, akaomba radhi kabla hakijatulia sakafuni."

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Afadhali angefoka.

Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu amekuja peke yake. Chai hakuigusa. Ameniuliza: "Mama, unawataka wao, au unataka kelele?"

Ningependa kujibu haraka. Kelele ziko kwa fundi. Amekwisha kuniambia benchi ni langu siku yoyote. Kwa ajili ya kazi siwahitaji watoto tena. Basi ninawaitia nini? Jana niliweka sahani sita mezani, nikazirudisha kabatini tano. Hilo sikumwambia.

Ameniomba ahadi moja tu: wakirudi, wasinyamazishwe. Wala hajui anaomba nini! "Nyamazeni!" hunitoka kabla sijafikiri, kama kupiga chafya. Nimeficha simu, nikaitafuta. Nimegeuza meza, nikageuza shingo. Tabia ya mwezi mmoja imenishinda; hii ya maisha yangu yote nitaivunja vipi? Nikiahidi na kushindwa, yule wa kati atanyata hadi uzeeni. Nisipoahidi, watahama leo, na hapa litabaki friji.

Yuko sebuleni anasubiri. Nimemwambia ninakuja chumbani kutafuta miwani. Miwani ninayo usoni, naye ameiona.

Nikishaamua nitaandika. Hapana — nitamwambia yeye kwanza, ndipo niandike.

Mwenye nyumba amempigia tena. Ninamsikia: "Nipe dakika chache, mzee, bado ninaongea na mama."

Haongei na mtu.