Shemeji na Nakala ya Zamani

Shoga, kaa kitako kwanza. Shemeji kafuta picha zote za mama yetu. ZOTE!

Kompyuta yao ya nyumbani imekufa leo asubuhi. Dada anaibonyezabonyeza, bwana mkubwa kifua mbele: "Tulia mke wangu, nina nakala kwenye diski ya pembeni."

Akaichomeka kwenye laptop yake ya kazini. Mama hayupo.

Kumbe alinakili kila kitu mara moja tu, mwanzoni kabisa. Kuanzia hapo, kila Jumapili diski ilikuwa inajiongezea vitu vipya tu, vya wiki hiyo. Juzi ikajaa. Unajua huyu mtu alifanya nini? Akafuta ile nakala kubwa ya mwanzo!

"Nilifuta ya zamani tu," anasema. "Si hizi mpya ndizo zina kila kitu?"

Ya zamani TU! Mama akicheka, mama akimsuka dada, sauti yake, vyote vilikuwa humo.

Dada akapekua hizo mpya mpaka akampata. Picha moja. Mama yuko ndani ya jeneza.

Wala hakulia, shoga. Alimgeuzia mumewe skrini, akamwambia taratibu: "Ichapishe, uitundike chumbani upande wako. Mara ya kwanza tulimzika sote. Mara hii umemzika peke yako."