Upele wa Viganja vya Khisa

Nicodemus, soma barua hii upesi kisha uichome. Nimeaibika mbele ya wapasua mbao wote wa Elburgon.

Si nilipiga kelele kwamba dawa ya mbao ya mzungu ndiyo imemletea Khisa upele viganjani? Tulikuwa tugome leo! Tukampeleka kwa daktari wa wazungu, naye akamvua viatu. Nyayo nazo zimejaa upele. Ndani ya viatu, bwana, dawa isikofika!

"Ulipata kidonda sehemu za siri, kisichouma?"

Khisa akacheka. "Hicho kilipona chenyewe."

Kilipona chenyewe! Daktari akasema, "Hakikupona, ugonjwa ulibaki mwilini. Hii ni kaswende."

Kaswende, Nicodemus. Sindano ipo na inaponya, lakini Khisa amekataa. Ananiuliza mimi, "Si wewe ulisema madaktari wao ni waongo? Umenunuliwa lini?"

Na mkewe, Nasimiyu, ana mimba. Daktari anasema ugonjwa unaweza kumfikia mtoto tumboni, na mama apimwe hata kama haoni dalili yoyote.

Wazungu sijawasamehe, hata yale waliyotutendea mwaka wa nzige nayakumbuka. Lakini hili si lao.

Naenda mimi mwenyewe kumwambia Nasimiyu akapimwe. Khisa akija na shoka, na aje.