Ndege Aliyetua Juu ya Mgunga

Zawadi, mjukuu wangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu: mbugani nililia kwa sababu ya ndege.

Hapa Kariobangi hatujambo, na mama amepona kikohozi. Watu hucheka nikikuita mjukuu huku nimevaa sketi ya shule, lakini baba yako huniita shangazi, kwa hiyo mimi ni nyanya yako.

Umeuliza kama nilimwona simba. Sikumwona. Chama chetu cha wanyamapori kilisafiri hadi kaskazini, mbali sana, na asubuhi nzima tuliona nyasi tu. Brayo, mwenye sauti kubwa kuliko wote darasani, alilalamika, "Hata kuku wa kwetu wangetusalimia!"

Ndipo ndege karani akatua juu ya mgunga, miguu mirefu, manyoya ya kisogoni yamesimama kama kalamu. Kiotani kifaranga alikuwa amepanua mdomo. Mama yake akatutazama, akainua mabawa. Sikujua kiumbe anaweza kuwa mkubwa hivyo na mpole hivyo.

"Akiogopa, ataruka bila kumlisha," dereva wa basi letu akanong'ona.

Kila siku walimu huniambia nipaze sauti. Pale, kwa mara ya kwanza, ukimya ulikuwa na kazi.

Brayo akamgeukia rafiki yake kwa sauti yake ile ile kubwa. "Buda, cheki—"

Nikamziba mdomo kwa kiganja, mimi nisiyethubutu hata kumwomba rula. Sikumwachilia mpaka kifaranga alipomeza. Kisha nikafuta macho, nikasogea kando pale dirishani ili Brayo naye aone vizuri.