Kwa Nini Tuliishia Nyororo

Segerea, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo, na kamwene. Goti linaendeleaje na baridi hiyo? Baba bado anakohoa? Sie huku miili ni mizima, tunamshukuru Mungu.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ukipokea unaweka spika, nyumba nzima inasikia. Nilikwambia gari lilituharibikia Nyororo, ndiyo maana hatukufika Njombe. Nilikudanganya, Mama. Unisamehe.

Safari ilianza vizuri. Tulilala Iringa, asubuhi tukaendelea. Baada ya Mafinga mipaini ikatuzunguka pande zote, jua linapenya na kupotea, Neema anahesabu malori ya mbao. Mara akapiga kelele, "Baba, kuna mtu!" Mwanamke alikuwa anavuka kutoka kushoto, kuni kichwani, mtoto mgongoni. Elia hakugusa hata breki. Mie ndiye niliyevuta usukani, tukaingia kwenye nyasi. Yule mama kuni zikamdondoka, akakaa palepale barabarani.

"Hukumwona?" nikamuuliza mume wangu.

"Sikumwona, mama Neema. Upande huo sioni tangu mwaka jana."

Mama, unajua kazi yake. Kila asubuhi anaendesha basi la shule, amebeba watoto wa watu.

Tulijikokota hadi Nyororo, mie ndiye macho yake: "Kushoto kuna baiskeli. Punguza, kuna tuta." Pale stendi akazima gari. Akasema hawezi kwenda kukaa mbele ya baba mkwe akiwa hivyo. Tukaliacha gari kwa fundi mmoja atutunzie, tukapanda basi la kurudi. Neema alilia mpaka Iringa. Alikuwa amefunga jino lake lililong'oka kwenye leso ili akuonyeshe.

Hospitali wakasema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, dawa ni za kulinda kilichobaki. Elia akaniomba, "Ninyamazie tu mpaka muhula uishe." Nilinyamaza siku nne. Kila nikifumba macho namwona yule mama kakaa barabarani. Siku ya tano nikaenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, nikamweleza yote.

Wakamsimamisha kazi siku hiyohiyo. Aliporudi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulienda kwa miguu yako mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Hii ni wiki ya tatu haongei na mie. Akitaka chumvi anamwomba Neema.

Sijutii, Mama, lakini nyumba imepooza. Nilitamani uwe karibu, hata uniambie nimekosea.

Msalimie kaka Tito, mwambie ahsante kwa kuwaangalia na kuwachungia ng'ombe. Msalimie na shangazi, yule unayesali naye kanisani. Baba mpe shikamoo zangu, ila habari ya macho usimwambie. Mwache Elia aseme mwenyewe siku akiweza. Akikupigia, mpokee kama siku zote.

Jana basi la shule lilipiga honi nje, limekuja kumchukua mtoto wa jirani. Elia akainuka, akasimama mlangoni akisikiliza. Akamuuliza Neema, "Huyo dereva mpya anaendeshaje?"

"Polepole, Baba."

"Vizuri," akasema. Akabaki amesimama pale mpaka mlio wa gari ulipoisha.

Ni mie mwanao,
Upendo