Nafasi ya Fathiya

Unguja, 12 Februari 1998

Mwanangu Dalila,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila mama yako magoti yanamsumbua tangu Ramadhani. Wewe je, baridi ya Guangzhou imepungua? Unakula vizuri?

Nina habari kubwa. Mbunge wetu alifariki mwezi uliopita, Mungu amrehemu, na Aprili kutakuwa na uchaguzi mdogo. Chama kimenipitisha mimi. Miaka kumi nilikuwa Mwakilishi katika Baraza letu hapa Zanzibar, nikaanguka mwaka tisini na tano kwa kura mia mbili tu. Sasa nautaka ubunge wa Muungano, na safari hii sianguki.

Tatizo ni mpinzani wangu Haroun, yule mwenye duka la mabati. Anasimama jukwaani anasema nafasi yako ya kusomea udaktari China ilikuwa ya Fathiya, binti wa Bi Mwanahija fundi cherehani. Watu wameanza kunong'ona. Jana mtu mmoja alikataa mkono wangu msikitini.

Niandikie barua kwa mkono wako, useme ulichaguliwa kwa alama zako. Nitaisoma kwenye mkutano mkubwa wa tarehe 4 Aprili. Usichelewe.

Baba yako,
Abdulwakil

*

Guangzhou, 3 Machi 1998

Shikamoo Baba,

Alhamdulillahi, mimi mzima. Mwambie Mama asikae chini kupepeta mchele, anunuliwe kiti. Masomo magumu, mifupa yote ya mwili naisoma kwa Kichina. Jumamosi namkalimania Dullah, mfanyabiashara wa Darajani, kwenye maduka ya nguo ya jumla Guangyuan Xilu. Laoban, yaani mwenye mali, akiona Dullah kaja na mtu anayeelewa lugha, bei inashuka kabla hatujakaa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Baba, mimi na Fathiya tulikaa dawati moja. Hesabu nilikuwa nanakili kwake. Matokeo yalipotoka alinizidi, skuli nzima inajua. Wewe uliniambia alikataliwa kwa sababu ya afya, nikaamini. Uliniambia pia nisimuage mtu mpaka siku ya ndege. Hilo sikukuuliza wakati ule, nilikuwa na furaha mno.

Nakuuliza sasa. Ilikuwaje? Nijibu, kisha nitaandika.

Mwanao,
Dalila

*

Faksi, Unguja, 13 Machi 1998

Dalila,

Naituma ofisini kwa Dullah huko Guangzhou maana posta inachelewa. Salamu zitafuata siku nyingine.

Mimi ni baba yako, si mshitakiwa wako. Picha zangu zote za barabarani zimechanwa. Juzi nyumba imepigwa mawe. Jiwe moja limepita dirishani, likaanguka kitandani kwa mama yako. Alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kwenda kuswali. Unaelewa nilipo?

Nataka mistari kumi. Maswali utaniuliza nikishaapa Dodoma.

Baba

*

Guangzhou, 22 Machi 1998

Shikamoo Baba,

Mpe Mama pole nyingi. Nilipolisoma lile la jiwe nilikaa hapo hapo nikaiandika mistari yako kumi. Niliiandika kweli, nikatia na sahihi.

Kisha nikaenda kwa Medard, kijana wa Bukoba tuliyekuja naye ndege moja, nimuulize tuliteuliwa tarehe gani ili barua ikae sawa. Akafungua begi lake, akatoa nakala ya orodha ya walioteuliwa, aliyopewa wakati anaomba viza. Kaihifadhi kwa sababu ina jina lake. Namba sita imepigwa chapa jina la Fathiya. Limekatwa kwa kalamu, na juu yake limeandikwa langu kwa mkono.

Medard akaniuliza, "Huyu Fathiya alikufa?"

Nikamwambia, "Hapana. Mama kaniandikia kwamba anafagia zahanati."

Mistari kumi nimeichana. Nimemwandikia Fathiya, namweleza nilichokiona na kumtaka radhi. Barua yake imo ndani ya bahasha hii, haijafungwa, unaweza kuisoma. Dullah anasafiri Jumanne. Ningeweza kumwambia aifikishe kwao moja kwa moja, lakini wewe ni baba yangu. Mpelekee mwenyewe, kabla ya mkutano.

Usipoipeleka sitakushitaki kwa mtu yeyote. Ila barua yangu nyingine hutaipata.

Kesho nakwenda ofisi ya wanafunzi kuuliza mtu anaiachaje nafasi.

Dalila

*

Unguja, 21 Aprili 1998

Mwanangu Dalila,

Assalaam alaykum. Mama yako mzima. Natumai na wewe mzima, na kwamba bado uko chuoni.

Dullah alinipa bahasha mbele ya watu wangu wa kampeni. Niliitia mfukoni, nikacheka, nikazunguka nayo siku nane. Asubuhi ya mkutano nikaenda kwa Bi Mwanahija. Sitakudanganya: sikwenda kwa toba. Nilidhani binti atayasoma maneno yako, atalia, atanisamehe, nitapanda naye jukwaani na Haroun atakosa la kusema.

Fathiya aliisoma amesimama mlangoni. Hakulia.

"Mkutano saa ngapi, Mheshimiwa?"

"Saa kumi."

"Nitakuja."

Alikuja na sare ya kazini. Nikampokea jukwaani kwa mikono miwili. Akachukua kipaza sauti, akaanza kusoma barua yako. Mwenyekiti wa chama akanyanyuka kumnyang'anya, uwanja mzima ukapiga kelele, "Mwache asome!" Akasoma mpaka jina lako pale mwishoni, kisha akanigeukia.

"Kweli au si kweli?"

Majibu nilikuwa nayo, mwanangu. Miaka kumi Barazani nilikuwa najibu watu. Nikamwona mama yako safu ya mbele, ameinamisha kichwa kama anayemjua mtu wake, anasubiri nidanganye. Nikasema, "Kweli. Nilikwenda kwa mtu wa ofisi ya elimu, akalikata jina lako. Hakuniomba kitu. Aliniambia, mtoto wa fundi cherehani atamlalamikia nani? Nikacheka naye."

Hakuna aliyezomea. Ingekuwa nafuu wangezomea. Walinyanyuka wakaondoka mmoja mmoja, na mafundi wakaanza kukunja nyaya huku mimi bado nimesimama.

Kura zimehesabiwa juzi. Haroun ndiye mbunge. Mimi nimepata mia tatu na kumi na moja, na chama kimenivua uanachama.

Jana nilikwenda tena kwao, peke yangu. Bi Mwanahija hakutoka chumbani. Nikamwambia Fathiya kuwa unataka kuiacha nafasi. Alikuwa anakamua nguo; akaendelea mpaka beseni likaisha.

"Akiacha, mimi napata nini?" akaniuliza. "Mwambie amalize. Akimaliza arudi hapa, aje anikabili mwenyewe, aniambie kwa mdomo wake yale aliyoyaandika. Kama nitamsamehe, nitaamua siku hiyo."

Nikamuuliza, "Na mimi?"

Akachukua beseni, akaingia ndani.

Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza. Nimekuandikia siku ile ile niliyoweza kushika kalamu.

Baba yako,
Abdulwakil