Ncha ya Mbele ya Fimbo

Kambarage, Shinyanga

Mdogo wangu Mariana,

Mlio wa fimbo ya Ingrid bado uko masikioni mwangu: ko, ko, ko, juu ya mfuniko wa mtaro. Ni mwanafunzi kutoka Norwe, naye ni kipofu kama mimi, amekuja chuoni kwetu kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Mama Ngusa, muuza maandazi wa ng'ambo ya mtaro, akapiga kelele, "Jamani, mzungu anatumbukia!" Ingrid akavuka, akauliza bei ya maandazi, akaomba apunguziwe. Peke yake, Mariana!

"Nani anakuongoza?" nikamwuliza.

"Hakuna. Wewe je?"

Tangu utotoni wewe umeshika ncha ya mbele ya fimbo yangu, mimi ya nyuma, mpaka ukaacha shule kidato cha pili.

Mahindi yameota? Mfikishie Baba shikamoo.

Najua umeshawaaga wenzako hapo Bugarama kwamba Januari tunakwenda Norwe pamoja kwa mpango huohuo wa chuo, wewe ukiwa msaidizi wangu. Utanikasirikia. Jana niliwaambia wakubwa wa chuo wafute nafasi yako. Nitakwenda peke yangu. Shule nimeshakuandikisha huku mjini, na sare yako iko kwa fundi.

Dada yako anayekupenda,
Apolonia