Ampli ya kukimbiza jirani

Jéthro, naenda Kirumba ku soko. Maharagi iko mu sufuria, patia kwanza bale badogo.

Ile ampli kubwa ya kuongeza sauti usiiguse tena. Uirudishe ku magasin kwenye uliiuziaka, uchague ile ndogo. Bafle zako mbili za mbele, zile zenye kutoa sauti, zitaimba nayo tu, salon yetu haiko cinema. Leo asubui uliijaribu na filme ya bunduki na masasi, mama Joyeuse wa jirani, mwenye alikimbia vita ya Beni, akatoka mbio na mutoto mugongoni. Na wewe ulicheka.

~~Nikirudi tutazungumuza.~~ Enda umuombe pardon leo, mbele nirudi. Siku masasi ya kweli italia, atasema: «Ni Jéthro na ampli yake», na atabakia mu nyumba.

Mama yako